Je, Ni Kweli Steve McQueen Alilelewa Kwenye Kituo cha Watoto Watukutu?

SWALI: Mimi ni mlezi katika kituo cha wavulana waliotolewa mitaani. Mmoja wao aliona filamu ya zamani ya Steve McQueen, kisha akasoma mahali kwamba nyota huyo naye alipelekwa kwenye kituo kama chetu. Tangu siku hiyo wananiuliza kila jioni. Ni kweli? Alitokaje huko hadi Hollywood? Na je, zile shida alizopitia ndizo zilizomfanya awe nyota? Ningependa pia unishauri filamu za kuwaonyesha.

JIBU: Ni kweli, ndugu mlezi, na wala haikuwa siri. McQueen alikaa California Junior Boys Republic, mjini Chino, mashariki ya Los Angeles, kati ya mwaka 1945 na 1946. Alikuwa akikitaja kituo hicho kwa jina kwenye mahojiano hata miaka ya sabini, alipokuwa analipwa kuliko mwigizaji mwingine yeyote wa Hollywood.

Swali lako la tatu ndilo gumu, na afadhali nilijibu mapema: hapana. Shida hazikumfanya nyota. Zilimwachia tabia fulani, na baadhi ya tabia hizo kamera ilizipenda. Nyingine ziliwaumiza watu waliomkaribia, na vijana wako wana haki ya kulisikia hilo pia. Waliomtoa Chino wakamfikisha Hollywood ni watu wachache tunaowajua kwa majina, pamoja na sheria moja ya bunge la Marekani na mshahara wa mkewe.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1930 huko Beech Grove, pembeni ya jiji la Indianapolis, katika jimbo la Indiana. Soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka miezi mitano kabla, na ajira zilikuwa zinapukutika nchi nzima. Baba yake, William, alikuwa rubani wa maonyesho, mmoja wa wale waliozunguka vijijini na ndege ndogo wakipinduka angani ili watu walipe kiingilio. Aliondoka mtoto akiwa bado mchanga na hakurudi. Mama alikuwa bado msichana, alikunywa sana, na kulea hakukuweza. Mtoto akapelekwa kwa wazazi wa mama, na hatimaye akaishia Slater, mji mdogo wa jimbo la Missouri, kwa Claude Thomson, kaka wa bibi yake.

Wengi wanaosimulia maisha ya McQueen huanza na vipigo. Mimi huanza na Claude. Mzee huyo alikuwa mfugaji wa nguruwe, mtu wa maneno machache, na hakumdekeza mtoto. Kijana aliamka alfajiri akalisha mifugo. Akitegea kazi, alichapwa. Hata hivyo McQueen alimtaja maisha yake yote kwa heshima ambayo hakumpa mzazi yeyote, na sababu aliyokuwa akiitoa ni kwamba Claude alikuwa mkali lakini mwenye haki. Alipotimiza miaka 4 mzee alimnunulia baiskeli nyekundu ya magurudumu matatu, na McQueen alisema mapenzi yake ya mashindano ya magari na pikipiki yalianzia hapo. Alipofika miaka 8, mama, ambaye sasa alikuwa ameolewa tena, alitaka arudishwe kwake Indianapolis. Siku ya kuondoka Claude alimkabidhi saa ya mfukoni ya dhahabu. Ndani yake yalikuwa yamechongwa maneno kwamba kwa Claude, Steve amekuwa mwana.

Naamini mtoto aliyewahi kukaa na mtu mzima anayetimiza ahadi anamtambua mtu wa namna hiyo akikutana naye tena, hata ikipita miaka. McQueen aliwatambua watatu au wanne, na kila mmoja nitamfikia.

Huko Indianapolis baba wa kambo alimpiga. Akiwa na miaka 9 alikuwa analala nje na kuzurura na wavulana wakubwa kuliko yeye. Mama alishindwa, akamrudisha Slater. Alipokuwa na miaka 12 mama alikuwa na mume mwingine, wanaishi Los Angeles, akamwita tena. Na mume huyu alikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Akarudi kwa Claude mara nyingine, akatoroka huko akiwa na miaka 14, kwa maelezo yake mwenyewe akifuata sarakasi iliyokuwa inapita mjini. Kisha Los Angeles tena. Unaona jinsi mtoto alivyokuwa akirushwa huku na kule kila mama alipobadilisha nyumba.

Shuleni nako hakukuwa kimbilio. Ugonjwa wa sikio alioupata utotoni ulimwachia usikivu pungufu. Zaidi ya hapo alikuwa na disleksia, ile hali ya herufi kumchanganya msomaji ambaye akili yake ni nzima, lakini walimu wa miaka ile hawakuwa na jina lake. Walimwona mzito na mkaidi. Hata alipokuwa nyota, kusoma muswada wa filamu kulikuwa adhabu kwake, na aliyemsomea na kumchagulia alikuwa mkewe.

Los Angeles alikamatwa kwa kuiba vifuniko vya magurudumu ya magari. Baba wa kambo alimpa kipigo kikali, na McQueen alisimulia kwamba akiwa bado anavuja damu alimwambia akimgusa tena atamuua. Baada ya hapo mama na mumewe walitia sahihi karatasi za mahakama zilizosema mtoto huyu ameshindikana. Karatasi hizo ndizo zilizompeleka Chino. Waeleze vijana wako hilo kwa uangalifu, kwa maana wengine watajiona humo: mwizi wa vifuniko alikuwa yeye, lakini aliyesema ameshindikana alikuwa mama yake.

Boys Republic ilianzishwa mwaka 1907 na mama mmoja aitwaye Margaret Fowler, aliyeamini kwamba mvulana hawezi kujifunza kujitawala akiwa nyuma ya ukuta. Kwa hiyo ukuta haukuwapo. Kulikuwa na mashamba, karakana, nyumba za kulala na baraza la wavulana lililochaguliwa na wavulana wenyewe. Baraza hilo lilipanga kazi na kutoa adhabu. McQueen alieleza vizuri jinsi mfumo ulivyouma: wavulana waliruhusiwa mara moja kwa mwezi kwenda mjini kuona sinema, na mmoja wao asipomaliza kazi yake, nyumba nzima inakosa. Usiku wenzake wanamshughulikia. Naye alishughulikiwa. Alitoroka pia, akakamatwa, akarudishwa. Baadaye kidogo kidogo akatulia, mpaka wenzake wakamchagua kuingia kwenye baraza lile lile.

Mimi si mtaalamu wa malezi, na wewe unajua zaidi yangu kama mfumo wa wavulana kuadhibiana unafaa au haufai. Mimi naona una hatari zake. Ila McQueen alisisitiza mpaka mwisho kwamba bila Chino angeishia gerezani.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndipo hadithi nyingi huruka. Mwaka 1946 alitoka Chino akiwa na miaka 16, na hakutoka malaika. Mama alikuwa amehamia Greenwich Village, New York, akamwita. Hawakuelewana hata kidogo. Kijana akaingia kwenye meli ya mizigo, akashuka Jamhuri ya Dominika bila kuaga, kisha kukawa na msururu wa kazi za kubahatisha, ikiwemo kwenye visima vya mafuta Texas. Habari za kipindi hiki zilitoka mdomoni mwake zaidi, na McQueen alipenda kukoleza simulizi, kwa hiyo wakikuletea vituko vya madanguro na mapigano ya bandarini wasikie tu, usiwaapie.

Mwaka 1947 alijiunga na Marines, jeshi la Marekani la askari wa nchi kavu na baharini. Alikuwa askari mbovu kwa muda mrefu: akipandishwa cheo, anashushwa. Safari moja alipitiliza likizo kwa wiki mbili akiwa na msichana wake, na walipomkamata alipinga. Akafungwa siku 41 kwenye mahabusu ya jeshi, sehemu ya siku hizo kwa mkate na maji. Baada ya hapo alibadilika, na katika mazoezi ya kijeshi kwenye barafu ya kaskazini aliwaokoa wenzake watano waliokuwa ndani ya kifaru kilichozama. Akateuliwa miongoni mwa walinzi wa boti ya Rais Harry Truman. Mwaka 1950 aliachiwa jeshini kwa heshima.

Jeshi lilimpa pia kitu kibaya ambacho hakukijua. Aliamini kwamba alivuta vumbi la asbesto akiwa huko, alipopewa adhabu ya kubandua kinga ya mabomba ya meli. Miaka thelathini baadaye alikufa kwa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto. Nguo za kuzuia moto alizovaa kwenye mashindano ya magari nazo zilikuwa na asbesto.

Sasa ile sheria. Mwaka 1944 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalipia karo na kuwapa mikopo askari waliomaliza utumishi. Mamilioni waliitumia kusomea uhandisi, ualimu, ufundi. McQueen alikuwa New York akiendesha teksi, akibeba mizigo, akitengeneza pikipiki, na kwa kauli yake akifikiria kwenda Hispania kuwa fundi wa vigae. Msichana aliyekuwa naye wakati huo alisomea uigizaji, na ndiye aliyempeleka Neighborhood Playhouse, shule ya Sanford Meisner. Mwalimu akamkubali, na karo ikalipwa na serikali. Bila fedha ile mlango usingefunguka, hata angekuwa na kipaji cha kumwaga. Simulizi za nyota waliojitengeneza wenyewe hupenda kuficha kipengele hiki, nami huwa nakitafuta kwanza.

Meisner alifundisha kwa njia ambayo ilikuwa kama imeshonwa kwa ajili ya mtu huyu. Mwanafunzi hakuanza na maneno. Aliketi mbele ya mwenzake, wakarudiarudia sentensi moja fupi, na kazi yake ilikuwa kumtazama mwenzake kwa makini kiasi kwamba badiliko dogo la uso au sauti likimbadilisha naye. Kwa Meisner uigizaji ulikuwa kujibu unachokiona kweli. Sasa mfikirie mtoto aliyelelewa na wanaume wawili wanaopiga, ambaye usalama wake ulitegemea kusoma uso wa mtu mzima anapoingia mlangoni. Mwongezee sikio bovu, linalomlazimu kutazama midomo ya wanaozungumza. Mtoto huyo alikuwa ameshafanya zoezi la Meisner kwa miaka kumi kabla hajamjua Meisner. Hii ni tafsiri yangu, lakini mtazame kwenye filamu yoyote wakati mwigizaji mwingine anazungumza, utaona ninachosema. Haachi kutazama. Wenzake wengi wa kizazi kile walikuwa wakisubiri zamu yao ya kusema.

Mwanzo wake jukwaani ulichekesha. Katika ukumbi mmoja wa Manhattan alipewa sentensi moja ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, akaisema kwa siku chache, akafukuzwa. Mwishoni mwa wiki aliendesha pikipiki kwenye mashindano ya Long Island City na kuondoka na zawadi ndogo za fedha, na nyingi ya siku zile pikipiki ndiyo iliyomlisha. Mwaka 1955 akaingia Actors Studio, chuo mashuhuri cha waigizaji huko New York. Martin Landau, aliyepokelewa naye, alikuwa akisimulia kwamba waombaji walikuwa 2,000 na waliochukuliwa ni wao wawili tu. Landau alisimulia jambo jingine ninalolipenda: mara ya kwanza kumwona McQueen alikuwa amefuatana na rafiki yake James Dean gereji, na fundi aliyeshika pikipiki ya Dean alikuwa McQueen.

Mwaka 1956 alipata kijisehemu katika filamu Somebody Up There Likes Me, kwa dola 19 kwa siku. Jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya waigizaji. Nyota wa filamu hiyo alikuwa Paul Newman. Wivu ulioanza siku hizo nitaurudia.

Mwaka huo huo alikutana na Neile Adams, mcheza dansi wa Broadway, yaani kumbi kubwa za maonyesho za New York, aliyezaliwa Manila, Ufilipino. Huyu ndiye ninayemwona kuwa mtu muhimu kuliko wote katika kupanda kwake, na vitabu vingi vinampa nusu ukurasa. Walioana tarehe 2 Novemba 1956. Kipato cha Neile kilikuwa mara kadhaa cha mumewe, na kodi, chakula na pikipiki vilitoka mfukoni mwake. Studio ya MGM ilipomchukua Neile kwenda kuigiza filamu, McQueen alimfuata California akiwa mume wa mwigizaji. Neile akamsukuma meneja wake mwenyewe, Hilly Elkins, amchukue na mumewe. Elkins alikuwa pia anamwakilisha mwigizaji mkuu wa tamthilia ya televisheni Trackdown, kwa hiyo ikawa rahisi kumwingiza McQueen kwenye kipindi kimoja cha mwaka 1958, akiigiza mwindaji wa wahalifu. Kipindi hicho kilikuwa jaribio la tamthilia mpya. Kampuni ya televisheni ya CBS ikaipenda, na Septemba mwaka huo Wanted: Dead or Alive ikaanza kuonekana kila Jumamosi usiku.

Angalia mnyororo huo: mke, meneja wa mke, mteja mwingine wa meneja huyo. Ndivyo milango ya Hollywood ilivyofunguka, na bado ndivyo inavyofunguka.

Filamu ya kwanza aliyoibeba yeye ilikuwa The Blob ya mwaka 1958, ya bajeti ndogo, kuhusu tope jekundu kutoka angani linalomeza watu. Alikuwa na miaka 27 akiigiza kijana wa sekondari. Walimpa nafasi ya kuchukua asilimia ya faida, naye akaomba dola 3,000 taslimu kwa sababu kodi ilikuwa inadaiwa. Filamu ikaingiza mamilioni. Nadhani mtu aliyekulia kwa watu wasiotimiza ahadi huchukua pesa iliyopo mezani, na kwa miaka iliyobaki McQueen alikuwa na sifa mbaya ya kudai kila kitu mapema na kwa maandishi.

Kisha bahati, na hii ilikuwa bahati kweli, tena juu ya mgongo wa mwingine. Sammy Davis Jr. alikuwa amepangwa kuigiza pamoja na Frank Sinatra katika Never So Few. Akasema neno kumhusu Sinatra redioni, Sinatra akakasirika na kumtoa. Nafasi ikaenda kwa McQueen. Muongozaji wa filamu hiyo, John Sturges, alimwona, akamwahidi kwamba kwenye filamu inayofuata atampa kamera. Filamu hiyo ilikuwa The Magnificent Seven, iliyopigwa Mexico mwaka 1960. Watengenezaji wa ile tamthilia walikataa kumpa ruhusa. Kwa simulizi ya Elkins, McQueen akagonga gari kwa makusudi, akajifunga shingo kama majeruhi, ruhusa ikapatikana. (Sehemu hiyo labda usiwasimulie vijana.)

The Magnificent Seven inastahili maelezo marefu, kwa sababu ndiyo iliyomtoa. Nyota alikuwa Yul Brynner, na McQueen alikuwa na sentensi chache mno. Mwigizaji mwingine angelalamika apewe maneno. McQueen alifanya kitu kingine. Kuna tukio la mwanzo ambapo yeye na Brynner wanaendesha gari la kubebea maiti kupanda kilima cha makaburi, huku watu wenye bunduki wakiwasubiri. Brynner ameketi wima, anazungumza. McQueen anachukua risasi za bunduki moja moja, anazitikisa karibu na sikio, ndipo anazipakia. Anavua kofia, anakinga jua, anatazama madirisha. Hasemi chochote, na macho yako yanaenda kwake. Wakivuka mto, anainama juu ya farasi na kuteka maji kwa kofia. Brynner alishtuka mpaka akaweka mtu wa kuhesabu mara ambazo McQueen anagusa kofia yake.

Kiustadi, hapo ndipo nyota alipozaliwa. Aligundua kwamba kamera hufuata mikono inayofanya kazi ya kweli. Alikuwa na mikono iliyolisha nguruwe, iliyofungua injini, iliyosafisha bunduki za jeshi, kwa hiyo vitu vilimtii. Na kwa kuwa maneno kwenye karatasi yalimsumbua tangu utoto, hakuyapenda. Alipopata mamlaka alikuwa akichukua muswada na kukata sentensi zake mwenyewe, jambo lililowashangaza waandishi waliozoea waigizaji wanaoomba kuongezewa.

The Great Escape ya mwaka 1963, ya Sturges tena, ilimaliza kazi. Anaigiza Mmarekani katika kambi ya mateka ya Wajerumani, anayetoroka, anakamatwa, anafungiwa peke yake, anatoka, anatoroka tena. Kwenye chumba cha adhabu anarusha mpira ukutani na kuudaka kwa glavu. Mtu aliyekaa siku 41 mahabusu hakuhitaji kufundishwa jinsi muda unavyokwenda humo. Watu wengi wanadhani ni yeye aliyeruka uzio wa seng'enge kwa pikipiki. Aliyeruka ni rafiki yake Bud Ekins, na McQueen mwenyewe alilisema wazi kwenye televisheni. Sehemu kubwa iliyobaki aliendesha yeye, hata akavaa sare ya Kijerumani ili ajifukuze mwenyewe kwenye picha nyingine.

Kutoka hapo mambo yanajulikana: The Sand Pebbles ya mwaka 1966, iliyompa uteuzi wake pekee wa Oscar, na Bullitt ya mwaka 1968, yenye magari yanayofukuzana kwenye vilima vya San Francisco. Mwaka 1974 akaigiza na Paul Newman katika The Towering Inferno. Alidai idadi sawa ya sentensi na Newman, yeye ambaye kwingine kote alizikata. Majina yao kwenye tangazo yakapangwa moja kushoto chini, la pili kulia juu, ili kila mmoja aweze kusema liko mbele. Miaka 18 ilikuwa imepita tangu zile dola 19 kwa siku.

Nilisema tabia nyingine ziliumiza watu. Neile aliandika kitabu baada ya kifo chake, na hakuficha: wanawake wengi, dawa za kulevya, na usiku mmoja wa mwaka 1970, wakati wa filamu ya Le Mans huko Ufaransa, alipompiga na kumtolea bastola. Waliachana mwaka 1972. Mke wa pili, Ali MacGraw, alikuwa nyota mkubwa. McQueen alimtaka akae nyumbani asifanye kazi, na ndoa ikavunjika mwaka 1978. Alipigwa akiwa mtoto, naye akapiga. Kama vijana wako wanamchukua kuwa mfano, usiliache jambo hili wakaja kulisoma peke yao.

McQueen alimtafuta baba yake. Neile anaeleza kwamba walipofika kwenye anwani waliyoelekezwa, huko California, baba alikuwa amekwisha kufa. Mwanamke aliyeishi naye aliwaambia kwamba mzee alikuwa akitazama ile tamthilia ya Jumamosi na kujiuliza kama yule kijana anaweza kuwa mwanawe. Mama alifariki mwaka 1965, nao hawakuwahi kupatana. McQueen mwenyewe alikufa tarehe 7 Novemba 1980, akiwa na miaka 50, katika hospitali ya Ciudad Juárez, Mexico, baada ya kupasuliwa.

Kuhusu Chino, alirudi, na alirudi kimya. Watayarishaji wa filamu walimlalamikia kwamba kwenye mikataba anadai suruali za jinzi na mashine za kunyolea kwa wingi usioeleweka. Baadaye ikajulikana zilikuwa zinakwenda Boys Republic. Alikuwa akienda mwenyewe pia, bila waandishi wa habari, anakaa na wavulana na kucheza nao pool. Leo kuna jengo pale lenye jina lake.

Sasa filamu. Kwanza, usichukue nakala iliyotafsiriwa na DJ. Nazipenda tafsiri zile kwa filamu za mapigano, lakini McQueen akinyamaza, DJ hujaza, na kunyamaza ndiyo kazi yake yote. Tafuta ya asili, wewe mwenyewe uwe unawaeleza kidogo. Anza na The Magnificent Seven na waambie wasimtazame anayezungumza, wamtazame yeye. Kisha The Great Escape; ina karibu saa tatu, igaweni siku mbili, mkate pale handaki linapokaribia kukamilika. The Getaway iacheni, maana anampiga mwanamke humo na filamu inakwenda kama hakuna kilichotokea.

Ya mwisho iwe Junior Bonner ya mwaka 1972. Haikuuza tiketi nyingi na watu wengi hawaijui. Ni ya dakika 100, juu ya mpanda farasi wa mashindano anayerudi kwao Prescott, Arizona, kwa sikukuu, na kukuta baba bado ni mtu wa kutangatanga na mama amechoka kumngoja. Hakuna anayeuawa. Wadogo watalalamika kwamba haina vita. Wakubwa huenda wakaanza kukuuliza habari za baba zao, kwa hiyo iwekeni siku ambayo kesho yake hakuna shule.